Anaona Ng'ambo ya Mto, Haoni Ukindu Mkononi

Mpendwa mshauri Bi Zaitun, naomba msaada wako, na ninauomba kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kuwaombea wengine, kwa kuwa mimi, Mshamu Mfaume, mkazi wa Salale katika delta ya Rufiji, mwenye umri wa miaka sitini na sita, niliyeishia darasa la nne na mengine yote kujifunza mwenyewe kwa kusoma matangazo ya serikali yaliyobandikwa ofisini, ndiye ninayewaandikia majirani zangu barua zao kwa Mtendaji wa Kata, kwa Mkuu wa Wilaya, kwa baraza la ardhi na hata kwa wakwe wagumu, na katika miaka thelathini ya kazi hiyo sijapata kuandika barua hata moja inayohusu kosa langu mwenyewe, hadi leo.

YAH: KOSA NILILOLITENDA KUHUSU JICHO LA KULIA LA MKE WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba nianze na shangwe, kwa sababu shangwe ndiyo iliyotangulia. Mke wangu, Mashavu binti Haidari, ambaye tumeishi naye katika ndoa miaka thelathini na minane, ni msukaji wa mikeka ya ukindu, na ninaposema msukaji sisemi kwa upendeleo wa mume, kwani mikeka yake imetandikwa katika nyumba za watu kuanzia Maparoni hadi Ikwiriri, na wapo waliokuwa wakiitambua kwa kupitisha kiganja tu, bila kuuliza. Miaka mitatu iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu, akawa analalamika kwamba taa imeota ndevu, kisha akaacha kutia rangi kwa sababu zambarau na nyeusi zilikuwa kitu kimoja kwake, akasuka mikeka myeupe mitupu kwa muda, na mwishowe akaacha kabisa, ukindu ukakauka darini, na kila alipoulizwa alijibu kwamba amechoka, lakini mimi nilimwona zaidi ya mara moja akichukua chane, ule ukindu uliopasuliwa vipande vyembamba, na kuipitisha kwenye midomo ili ajue upana wake.

Watu walitushauri tungoje mtoto wa jicho aive ndipo aondolewe, nasi tukangoja mwaka mzima kama wanaongoja mpunga, hadi lilipotolewa tangazo kwamba madaktari wa macho wamefika Kibiti, nami nikalisoma tangazo hilo mara mbili ili nijiridhishe, tukapanda boti mpaka Nyamisati na gari mpaka Kibiti, akapimwa sukari na presha, akapimwa jicho kwa mashine, na kesho yake akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia kwa ganzi, akiwa macho, akisikia mazungumzo yao, kwa muda ambao mimi nilikuwa sijamaliza hata kikombe cha chai niliyonunua nje.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alimfungua bendeji mbele yangu, akanyoosha mkono, akamwuliza, "Bibi, hivi vidole vingapi?"

Mashavu akajibu, "Vitatu. Na hiki cha kati rangi ya kucha imebanduka. Mwanangu, ukipaka, paka ukamilishe."

Wodi nzima ilicheka. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kuanzia miguuni, polepole, kama mtu anayekagua mzigo ulioletwa na mgeni. "Baba Sabra, kifungo hicho cha shati nani kakushonea kwa uzi mwekundu?"

"Wewe, Mama Sabra."

"Na ukalivaa?"

"Nimelivaa miaka miwili."

Akafunika mdomo kwa upande wa khanga, na sikuweza kutambua kama anacheka au analia, hadi muuguzi alipopiga kelele, "Bibi usilie! Jicho, bibi, jicho!"

Naomba nikiri kwamba sijapata kuwa na furaha ya namna ile tangu binti yetu Sabra azaliwe. Tuliporudi, boti ilikuwa bado mbali na gati, watu wanaonekana kama vijiti, na dada yangu Mwanamina amesimama mbele yao tayari kwa vigelegele, mara Mashavu akainuka kwenye boti na kuita kwa sauti kubwa, "Wifi Mwanamina! Khanga hiyo si yangu, ile iliyopotea mwaka juzi?" Naye dada yangu akajibu kutoka nchi kavu, "Hospitali gani hiyo mmempeleka? Mrudisheni haraka!" Vigelegele vikapigwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Hiyo ndiyo shangwe. Sasa naomba nieleze kosa.

Siku ya kumi Mashavu aliomba ukindu wake. Akakaa mlangoni penye mwanga, akanyoosha miguu, akashika chane kwa namna anavyozishika siku zote, akaanza kusuka. Alisogeza mkono karibu, akausogeza mbali, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, na baada ya muda mrefu akaziweka chane chini na kusema, "Majani ya mkoko ule ng'ambo ya mto nayahesabu. Ncha za vidole vyangu sizioni." Nilimjibu kwamba asubiri, jicho bado changa. Akasubiri. Wiki mbili zikapita, hali ikawa ileile.

Ndugu nao, walipoona kwamba anaona mbali kuliko vijana, walikata shauri kwamba apande dungu la shambani, kile kibanda cha juu ya nguzo, akaamie ndege wasile mpunga, nami sikuwapinga, na kwa kweli aliamia kwa ufanisi mkubwa, kwani aliyaona makundi ya kweleakwelea yakiwa bado kama moshi upande wa pili, akapiga debe kabla hawajatua, na mpunga wetu mwaka huu umebaki mzima wakati wa jirani umeliwa nusu. Watu wakamsifu. Lakini kila aliposifiwa mbele yangu alinitazama na kusema, "Ahsante, mkulima mwenzangu," na maneno hayo hakuwa akiyatumia zamani, na tangu tutoke hospitali anayatumia kila siku, akinipa chakula, "Karibu, mkulima mwenzangu," akinitaka maji, "Niletee maji, mkulima mwenzangu," nami nimeyachukulia kama utani wa mtu aliyepata nafuu.

Bi Zaitun, siku ya vipimo, muuguzi mwenye fomu alituuliza, "Kazi ya mgonjwa?" Kabla Mashavu hajafungua kinywa, mimi nilijibu, "Mkulima." Nilijibu hivyo kwa mazoea, kwani katika kila fomu niliyomjazia mtu wa kata hii kwa miaka thelathini, penye nafasi ya kazi nimeandika Mkulima, awe mvuvi, awe fundi wa boti, awe mjane asiye na jembe, na hakuna ofisi iliyowahi kulikataa neno hilo. Muuguzi akauliza tena, "Hana kazi nyingine ya karibu karibu? Kushona, kusoma?" Nami, kwa kuona kwamba kusuka mikeka si jambo la kupelekwa mbele ya daktari bingwa, nilijibu, "Hana. Ni mkulima kamili." Mashavu alikuwa ameketi kwenye benchi hilohilo, ubavuni pangu. Alirekebisha ushungi wake tu.

Nilikuja kuelewa uzito wa jibu langu tuliporudi kwa uchunguzi wa wiki ya nne, nilipoketi na fundi cherehani mmoja kutoka Umwe aliyefanyiwa upasuaji siku ile ile, akanieleza kwamba swali lile la kazi huulizwa ili daktari ajue lenzi aipange kwa umbali gani. Sikumwambia mtu.

Hivi sasa kijiji kizima kinaamini kwamba Mashavu amewekewa lenzi isiyo yake. Dada yangu Mwanamina hunijia kila siku: "Kaka, kalamu unayo, unangoja nini? Waandikie!" Na mimi, Bi Zaitun, nimeandika. Nimeandika malalamiko ya kurasa tatu dhidi ya daktari aliyemrudishia mke wangu nuru, yenye nakala kwa ofisi sita, na naweza kusema bila kujisifu kwamba ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na ni uongo. Ipo chini ya godoro. Sijaituma, sijaichana.

Jicho la kushoto limepangiwa Jumatatu, wiki mbili kutoka leo ninapoandika. Mashavu amekataa kwenda. Anasema, "Hili la kushoto lina ukungu, lakini nikileta chane mpaka puani nakiona kivuli chake. Wakilitengeneza nalo litaangalia ng'ambo kama mwenzake, mimi nibaki mlinzi wa ndege mpaka mnizike." Na siku zimebaki chache, na daktari alisema tarehe ikipita hatujui lini watarudi.

Kwa hiyo naomba kuelekezwa. Je, nitume malalamiko, ili angalau heshima yangu isalimike? Je, nimweleze mke wangu ukweli, naye akajua kwamba mume wake ndiye aliyemwondolea kazi ya mikono yake kwa neno moja? Je, lenzi hiyo yaweza kutolewa ikawekwa nyingine? Na je, jicho la pili tuliache lilivyo?

Ni mimi ninayesubiri jibu lako kwa hofu,
Mshamu Mfaume, Salale.
Nakala: hakuna.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mshamu, hongera kwanza. Mtu aliyeingia Kibiti akishikwa mkono, na siku ya tatu akaona rangi iliyobanduka kwenye ukucha wa muuguzi, amefanyiwa upasuaji uliofaulu vizuri sana. Usiruhusu mtu yeyote hapo Salale, hata dada yako mwenye khanga za watu, akuambie vinginevyo.

Sasa kaa chini nikukemee.

Ile barua iliyo chini ya godoro, itoe, ichane, vipande uwashie moto wa chai. Usiniambie ni nzuri. Ukiituma, unamchafulia jina daktari asiye na kosa, na hakuna mama mwingine wa delta atakayethubutu kupanda boti kwenda kutibiwa, kwa sababu watasema, "Hata Mshamu msomi alilalamika." Umefikiria wangapi hapo kijijini wanapapasa kuta leo?

Maswali yako nimeyapeleka kwa daktari wa macho ambaye hakumhudumia mkeo wala hakujui. Alinieleza hivi. Ndani ya jicho kuna lenzi tuliyozaliwa nayo, na kwa kijana hujivuta na kujilegeza, ndiyo maana anaona mbali na karibu bila taabu. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo kuingia ukungu. Daktari huitoa, akaweka ya bandia iliyo safi, ila kwa kawaida lenzi hiyo haijivuti. Hupangwa kwa umbali mmoja, na wagonjwa wengi hupangiwa mbali, ili mtu atembee, apande boti na amtambue anayekuja. Kwa kazi ya karibu atavaa miwani ya kusomea. Ndiyo, huuliza kazi ya mgonjwa, na ni vizuri wakaambiwa kweli, kwa sababu wapo wanaochagua jicho moja lipangwe karibu kidogo. Lakini hata kama ungesema ni msukaji, huenda daktari angechagua ileile ya mbali. Hujamharibia mkeo jicho, Ndugu Mshamu. Neno lako halina nguvu hiyo, na samahani kama hilo linakuuma kuliko kosa lenyewe.

Lenzi haitolewi. Kulifungua tena jicho lililopona, kwa jambo linalomalizwa na miwani, ni kubomoa nyumba kwa kuwa mlango unalia. Jicho likishatulia, kiasi cha wiki nne hadi sita, apimwe miwani. Naye aende na ukindu wake mkononi, akae kama anavyokaa akisuka, apimwe kwa umbali huohuo, si kwa umbali wa gazeti. Wiki hizo zimeshatimia. Kumbe wakati wewe ulikuwa unatafuta maneno ya kumshtaki daktari, ungeweza kumwuliza swali moja na mkeo angekuwa amemaliza mkeka.

Na jicho la pili lisiachwe. Anachokiona puani ni kivuli, amekisema mwenyewe, na kivuli hicho kitazidi kuwa kizito. Wala msirudie habari ya kungoja liive. Mtoto wa jicho huondolewa pale anapomzuia mtu kuishi maisha yake, na akiachwa mno huwa mgumu na upasuaji wake huwa wa taabu zaidi. Jumatatu hiyo, kabla hajapimwa, Mashavu mwenyewe amwambie daktari: kazi yangu ni hii, napenda kuona hivi. Daktari atamweleza yanayowezekana, naye atachagua. Yeye. Wewe utakuwa umeshika mfuko wa nguo.

Hapo tunafika kwenye lile lililokufanya uniandikie. Unaniuliza umweleze mkeo au usimweleze. Ndugu yangu, umeandika kwa mkono wako kwamba ulipomjibu muuguzi, Mashavu alikuwa ubavuni pako kwenye benchi hilohilo. Mgonjwa wa macho si kiziwi! Alisikia "mkulima". Alisikia "mkulima kamili". Alisikia ukiambiwa uiseme kazi yake, kazi iliyolisha nyumba yako na kufika Ikwiriri kabla yako, ukasema hana. Na tangu siku hiyo anakuita nani? Mkulima mwenzangu. Asubuhi, mchana, kwenye sahani ya wali. Wewe mwenye kusoma matangazo mara mbili ili ujiridhishe, hilo limekupita. Mkeo hangoji lenzi. Anakungoja wewe.

Na hilo la dungu sitalipita. Mtu ana wiki chache tangu afanyiwe upasuaji, mnampandisha ngazi, kwenye vumbi la mpunga na moshi wa kufukuzia wadudu, eti kwa kuwa anaona mbali? Mngemtia ugonjwa kwenye jicho, mkalipoteza kabisa, mpunga mkaula. Mshukuruni Mungu. Safari ya pili nyumba yako iwe na adabu: dawa ya matone kwa saa zilizoandikwa na kwa siku zote zilizoandikwa, hata akisema amepona, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kutia, na ncha ya chupa isiguse jicho, kile kifuniko cha jicho avae akilala, asije akalifikicha usingizini. Jicho lisiingie maji ya mto, tope wala sabuni. Asiiname sana wala kubeba ndoo mpaka daktari aruhusu, na juu ya udhu na sujudu amwulize daktari ni siku ngapi, kisha sheikh wenu atawaelekeza namna ya kuswali akiwa ameketi. Akiwa anatumia dawa za presha au sukari, asiziache. Majani, asali, maziwa ya mzazi, chochote kitakacholetwa na jirani kwenye kikombe, kimwagwe jirani akiwa anatazama. Na jicho likianza kuuma, kuwa jekundu zaidi, kutoa usaha, kuona mimuliko au kupungua kuona, msingoje kesho. Boti siku hiyohiyo. Miezi au miaka ikipita akaona ukungu tena, msiseme mtoto wa jicho amerudi, kwani harudi. Ni ngozi nyembamba nyuma ya lenzi huwa imepata ukungu, na husafishwa kwa mwanga maalumu kwa dakika chache.

Nenda sasa, Ndugu Mshamu. Mwambie leo. Boti ya Nyamisati huondoka maji yakijaa, na maji hayamngoji mtu anayetafuta neno zuri.

Wasomaji, kwa kuwa tarehe ilikuwa karibu kuliko siku ya gazeti, jibu hili nililisoma kwanza kwa simu. Alipokea Sabra, akampa baba yake, naye akaniomba nisubiri atafute mahali pa faragha. Sijui alipata mahali gani, maana nilipofika pale pa kiziwi nilisikia mwanamke anacheka, kicheko cha mtu aliyekishikilia muda mrefu.

"Bi Zaitun," ikasema sauti hiyo, "hapo rudia. Taratibu."

Nikarudia.

"Umesikia, Baba Sabra? Wiki sita hizi nakutazama na jicho langu moja zima. Nilitaka nione utafika wapi na kurasa zako tatu. Ulidhani godoro nalitandika nimefumba macho?"

Ndugu Mshamu akasafisha koo. "Mama Sabra, kwa heshima na taadhima, napenda kuchukua nafasi hii..."

"Hapana. Hapa si kwa Mkuu wa Wilaya. Sema kama mtu na mkewe."

Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo isiyo na hata pambo moja: "Nilikujibia. Kazi yako naijua, nikasema huna. Nisamehe, Mashavu."

"Haya," akasema mkewe. "Sasa nenda kaulize boti ya Jumatatu."

Waliondoka na maji ya alfajiri. Sabra, aliyewasindikiza, ameniandikia yaliyotokea. Mashavu alifika mapema, akapimwa miwani kwa jicho la kulia, chane mkononi, na alipoivaa alitazama vidole vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Akaketi kwenye benchi la wanaongoja upasuaji, akatoa ukindu kwenye mfuko uliobebwa na mumewe, akaanza kusuka. Wagonjwa wenye bendeji na wasio na bendeji wakamzunguka. Ukili, ule ukanda wa msuko unaoshonwa kuwa mkeka, ukatoka mkononi mwake kiasi cha shubiri nzima, umenyooka, na mwanamke mmoja kutoka Umwe akauagiza palepale kabla haujawa mkeka. Muuguzi alipouliza kazi ya mgonjwa, hakuna aliyehitaji kujibu, ila Mashavu alijibu hata hivyo, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa. La kushoto nalo ameamua liwe la mbali. Amesema karibu atapaona kwa miwani. Aliitwa chumba cha upasuaji mara mbili, na mara ya pili akasema, "Nakuja, mwanangu, namalizia pindi hili."

Jicho la pili limefunguliwa, linaona. Matone anatiwa na Mshamu, kwa saa, mikono imeoshwa. Dungu limepata mlinzi mwingine.

Nawe unayesoma, mwenye mzazi anayepapasa kikombe kilicho mbele yake na kusema amechoka: hajachoka. Mpeleke akapimwe wiki hii, na akiulizwa jambo, mwache ajibu mwenyewe.